Tuta la mbele ya shule linaombwa wapi? Uzi wa barabara za manispaa: matuta, zebra, bodaboda na nani anahusika

#1 MkaziWaKona

Wakuu, salaam. Uzi ni mrefu, asiyependa kusoma apite salama.

Mtaani kwetu barabara ilikuwa ya vumbi miaka nenda rudi. Mashimo ndiyo yaliyokuwa trafiki wetu, hakuna gari lililoweza kupita kwa kasi hata likitaka. Kisha tukaletewa lami, tukashangilia, mbuzi akachinjwa. Lami yenyewe ni nyembamba, haina njia ya waenda kwa miguu, mitaro iko wazi pande zote mbili, na katikati yake kuna shule ya msingi ambayo geti linafunguka moja kwa moja barabarani. Saa 12 na nusu asubuhi watoto wanatembea juu ya lami kwa sababu pengine hakupitiki: huku mtaro, huku genge, huku bajaji zimeegeshwa. Wameanza kugongwa. Wengi wanatoka na michubuko na mikono iliyovunjika, lakini kila mzazi anajua mchezo huu unaelekea wapi.

Kikao cha wazazi kikasema tunataka tuta. Ofisi ya kwanza wakatuambia barabara hiyo si yao. Ya pili wakatuambia tuandike barua kwa ile ya kwanza. Ya tatu wakasema wao wanashughulika na madereva, siyo na lami. Majina ya ofisi siyataji, manispaa nayo siitaji, wahusika wamo humu.

Baada ya kuzungushwa ndipo nikakaa chini kuulizia vizuri, na hiki ndicho nilichotaka kuwawekea hapa. Lami zote ukiziangalia kwa macho ni sawa, ila kila moja ina mwenyewe. Barabara kuu na za mkoa ni za TANROADS, iliyoanza mwaka 2000. Barabara za wilaya, za mitaa na za vijijini zilikuwa chini ya halmashauri mpaka 2017, zikahamishiwa TARURA iliyo chini ya TAMISEMI. Kwa hiyo yule mkurugenzi wa manispaa tunayemfokea kwenye mikutano hana greda wala fungu la lami. Yeye ana stendi, ana masoko, ana wamachinga, ana shule yenyewe na geti lake. Njia na leseni za daladala ni LATRA, iliyochukua nafasi ya SUMATRA mwaka 2019. Mwendokasi na makosa ya madereva ni Kikosi cha Usalama Barabarani.

Hapo mbele ya shule moja, kipande ambacho mtoto anakimaliza kwa dakika mbili, kuna wakubwa wanne, na kila mmoja anamwangalia mwenzake. Usipojua unaomba nini kwa nani, utazunguka mpaka mtoto amalize darasa la saba.

Swali langu: kwenu mlifanyaje? Tuta, zebra, kuhamisha geti, trafiki asubuhi? Nini kilifanya kazi na nini kilikuwa maonyesho?

#2 KarangaZaMoto

Nakaa hapa mbele. Madereva wa Fuso wakifika mniamshe.

#3 FusoLaUsiku

Tumefika, amka.

Mimi na matuta hatuelewani na sitaficha. Nchi hii mtoto akigongwa jibu ni tuta, ng'ombe akigongwa jibu ni tuta, mbunge akipita na vumbi likawa jingi, tuta. Na mabaya kuliko yote ni yale ya wananchi wenyewe: usiku wanarundika udongo na mawe, asubuhi wanamwagia maji, tayari. Hakuna rangi, hakuna kibao. Unatoka safari, taa za anayekuja zimekupofusha, unaliona tayari liko chini ya bampa. Springi inakatika, mzigo unahama, na nyuma yako kuna basi ambalo nalo halikuliona. Hapo tumemwokoa nani?

Wekeni kibao mapema, pakeni rangi, nitapunguza mwenyewe. Na mimi nina watoto wanaosoma.

#4 MkaziWaKona

Mkuu Fuso, kwa hilo la udongo na mawe niko na wewe. Ila hilo la kupunguza mwenyewe... Sheria inasema kilomita 50 kwa saa kwenye makazi, kibao kipo, kimesimama pale kama mpiga picha. Nani anapunguza?

#5 FusoLaUsiku

Anapunguza aliyepigwa tochi ya trafiki jana yake 😂

#6 FundiLami

Nimefanya kazi za barabara muda mrefu, upande wa mkandarasi na upande wa msimamizi. Ngoja niweke hesabu mezani kwanza, maana huku tunabishana kwa hisia.

Gari likiwa kwenye kilomita 50 kwa saa linakwenda karibu mita 14 kila sekunde. Dereva akimwona mtoto, mpaka akili ikubali na mguu ufike kwenye breki ni kama sekunde moja na nusu. Hapo mita 21 zimeshakwenda na gari halijapungua hata chembe. Lami ikiwa kavu na breki ni nzima, atahitaji nyingine 14 hivi kusimama. Jumla 35. Kwa kilomita 80, hesabu hiyohiyo inakupeleka karibu mita 69. Kwa kilomita 30 unasimama ndani ya mita 18. Sasa chukua utepe ukapime kutoka kwenye kona hadi geti la shule, halafu uniambie dereva wa 80 angefanya nini hata angekuwa malaika.

Ndiyo sababu mkutano wa mawaziri uliofanyika Stockholm mwaka 2020 ulisema pale watu na magari wanapochanganyika mwisho uwe kilomita 30. Ile 50 yetu ni ya mtaa wenye njia ya miguu na kivuko. Mtaa wa mleta mada hauna hata kimoja.

Kuhusu tuta. Lile la mviringo linalojulikana sana, Waingereza walilifanyia utafiti miaka ya 1970: upana wake kwa kufuata mwendo wa gari ni mita 3.7 na kimo chake katikati hakizidi sentimita 10. Ukilipita kwa mwendo wa kistaarabu unaliona tu kwamba lipo, ukilipita kwa 60 utalikumbuka. Yale ya wananchi nimeyapima, unakuta upana hata mita moja haufiki na kimo kama cha ndoo. Hilo linavunja gari hata linalotambaa, na gari la wagonjwa nalo ni gari.

Kuna jambo ambalo watu hawaliangalii. Tuta likiishia kabla ya ukingo wa lami, pikipiki hazipandi juu yake. Zinachepuka pembeni kwenye ule upenyo, kwa kasi ileile. Na pembeni ndiko mtoto anakotembea. Nimesimama mbele ya shule moja nikaliangalia hilo asubuhi nzima: magari yote yamepunguza, pikipiki zote zimehamia kwa watoto. Kwa hiyo tuta lazima lifike ukingo hadi ukingo, na pembeni zisimikwe nguzo fupi za zege ambazo mtu anapita na pikipiki haipiti. Maji nayo yaachiwe njia ya bomba chini, la sivyo yatatuama juu ya lami na baada ya masika mbili mtaanza uzi mwingine wa mashimo.

Mimi ningewaombea lile bapa juu lenye zebra mgongoni. Mtoto anavuka akiwa ameinuka, anaonekana, na gari lilishalazimika kupunguza kabla ya kumfikia. Rasta, vile vituta vidogo vya mfululizo, ziwekwe kabla yake kumwamsha dereva. Rasta peke yake ni kelele kwa wenye nyumba jirani, mwendo haupungui.

#7 ChaiRangi

Mnazunguka mno. Simamisheni trafiki wawili pale asubuhi na jioni, mwisho wa mchezo.

#8 FundiLami

Mkuu ChaiRangi, hesabu shule za msingi za manispaa nzima halafu hesabu trafiki. Na zote zinafungua saa ileile.

#9 BodaWaStendi

Nimesoma nikasema leo hatujatajwa, kumbe #6 katutaja. Sawa.

Wakubwa, hii kazi ipo kisheria, kanuni za pikipiki na bajaji za biashara zilitoka 2010. Faini yetu ilishushwa kutoka 30,000 hadi 10,000 mwaka 2021, tunashukuru. Lakini kila kikao cha usalama barabarani tunakaa kwenye kiti cha mshtakiwa. Mnasema mshikaki. Asubuhi nani analeta watoto watatu, anawapanga mwenyewe juu ya tenki na nyuma, anakwambia "wapeleke wote kwa buku, chenji utanipa jioni"? Ni mzazi. Ukikataa, anaita mwingine, na mteja umempoteza mwezi mzima.

Mnasema vijiwe viko kwenye kona vinaziba. Viko kwenye kona kwa sababu abiria anashukia kwenye kona. Tuchorewe sehemu, hata hatua 30 kutoka kwenye makutano, kibao kiwekwe cha kijiwe, tutahamia. Mwaka juzi kijiwe chetu kilihamishwa bila kuonyeshwa pa kwenda. Tulikaa wiki, tukarudi.

Kofia ngumu ya abiria ninayo. Abiria anasema inanuka, dada anasema ametoka kusuka. Nimvalishe kwa nguvu?

#10 MamaGenge

Mwanangu wa boda, la mshikaki umesema kweli na mimi ni mmoja wa wanaowapanga watoto, nitaacha.

Genge langu linatazamana na shule, siyo hiyo ya mleta mada. Nikianza kusikia "hakuna takwimu, hapo hapana historia ya ajali" damu inachemka. Historia ipo, haijaandikwa tu. Mtoto akigongwa na boda, boda anatoa hela ya dawa, mzazi anapokea, wanamalizana hapohapo chini ya mwembe. Polisi hawajaenda. PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, haijachukuliwa ila kama mfupa umevunjika na hospitali wameidai. Sasa ofisini wakifungua kumbukumbu wanakuta barabara salama kabisa.

Nikaanza kuandika. Daftari ni lilelile la mikopo ya nyanya na vitunguu, nimeligeuza nyuma. Naandika siku, saa, kilichogonga, aliyegongwa alikuwa anatoka wapi kwenda wapi. Mfano wa mistari miwili:

"Jumanne, saa 1 kasoro robo asubuhi, boda, mtoto wa kike darasa la pili, alishuka daladala akapita mbele yake kuvuka, mkono wa kushoto. Hawakwenda polisi."

"Alhamisi, saa 9 alasiri, bajaji inarudi kinyumenyume kutoka kuegesha, watoto wawili, mmoja mguu. Polisi hapana."

Ukiyasoma yote pamoja unaona kitu. Wengi hawagongwi wakivuka pale mbele ya geti. Wanagongwa wakitokea mbele ya daladala iliyosimama. Daladala inashusha juu ya zebra yenyewe, mtoto anazunguka mbele yake, na dereva anayekuja kwa pembeni hamwoni mpaka amfikie. Tuta mtaweka, sawa, ila kituo kisipohama nitaendelea kuandika.

#11 FundiLami

Mama, hilo daftari ndilo lenye thamani kuliko vyote humu. Lipige picha kila ukurasa, liwe kiambatisho. Injinia akiona saa, mahali na aina ya chombo, anajua aweke nini wapi. "Ajali ni nyingi" haimsaidii.

Na kituo kiwe mbele ya zebra kwa mwelekeo wa daladala, yaani daladala ipite zebra kwanza ndiyo isimame. Hapo abiria anavukia nyuma ya gari, na wanaokuja wanamwona. Kukihamisha kibao cha kituo hakuhitaji bilioni.

#12 MwalimuZamu

Mimi ni mwalimu, si wa shule ya mleta mada.

Kuna kazi imefanyika Dar es Salaam na miji mingine ambayo inafaa kuigwa kabla ya kubuni upya. Shirika la Amend lina mpango wa kukagua njia za watoto kuzunguka shule, unaoitwa SARSAI, na mwaka 2019 ulishinda tuzo ya miji ya WRI Ross, ikiwa ndiyo mara ya kwanza tuzo hiyo kutolewa. Hawakujenga maajabu. Matuta, zebra, vibao, nguzo fupi, vipande vya njia ya miguu, na pale ilipowezekana geti la shule likahamishwa kutoka barabara yenye magari kwenda kichochoro cha upande wa pili.

Hilo la geti ndilo ninalotaka mlifikirie sana, kwa sababu halihitaji ruhusa ya mwenye barabara. Ukuta ni wa shule. Kwetu tulibomoa sehemu ya ukuta wa nyuma, geti la mbele likabaki la magari na wageni tu. Kamati ya shule ilikaa, wazazi wakachangia tofali na saruji, mafundi walikuwa wazazi wenyewe. Ugomvi ulikuwa mmoja tu, na wenye maduka ya mbele, maana watoto ndio wateja wao wa barafu na visheti. Wawili wamehamia nyuma, mambo yakaisha.

Lakini angalieni, geti la nyuma litasaidia tu kama watoto wengi wanatoka huko. Tuliwauliza darasa kwa darasa: nani anatoka upande gani? Zaidi ya nusu walikuwa wanavuka barabara kwa sababu tu geti lilikuwa mbele, nyumbani kwao ni nyuma ya shule.

Mengine ninayapinga na nitayataja. Kuwavika watoto wa darasa la saba vizibao na kuwapa bendera wakasimamishe magari ni kumpa mtoto kazi ya askari. Gari lisiposimama, wa kwanza kugongwa ni mwenye bendera. Kuvusha afanye mtu mzima. Mtoto afundishwe kuvuka: kulia, kushoto, kulia tena, na asikimbie.

#13 KarangaZaMoto

Na ile wiki ya Nenda kwa Usalama ya kila mwaka? Tisheti, brasi bendi, stika kwenye kioo?

#14 MwalimuZamu

Tisheti ninazo tatu, nalalia.

#15 PwaniNaBara

Habari zenu ndugu wa Tanzania, mimi naandika kutoka Kenya, nimeishi Nairobi na sasa niko Mombasa. Hiyo shida ya barabara ni ya nani tunaijua sana. Huku sheria ya barabara ya 2007 ilituletea mamlaka tatu za barabara, KeNHA, KURA na KeRRA, halafu katiba ya 2010 ikaleta kaunti na barabara zao. Shimo likiwa kwa mpaka wa wawili kati ya hao, litazeeka. Mwananchi anapiga simu kwa kaunti, kaunti inasema hiyo ni ya KURA.

Nataka kuwaonya juu ya madaraja ya kuvuka kwa miguu, maana najua itakuja. Thika Road ilipomalizwa 2012 ilikuwa na madaraja, na bado watu walikuwa wanaruka ukuta wa katikati kuvuka chini, wengine hapo hapo chini ya daraja. Si ujinga. Mama mwenye mzigo kichwani anaangalia zile ngazi, anaangalia barabara, anapiga hesabu yake.

#16 FusoLaUsiku

Afadhali umelitaja. Mimi naona daraja ndiyo dawa, watu wapite juu, sisi tupite chini, kila mtu na maisha yake. Dar wana la Manzese miaka na miaka mpaka kituo kikaitwa Manzese Darajani.

#17 FundiLami

Manzese ni Barabara ya Morogoro, Fuso. Barabara pana, magari hayakatiki, hapo daraja lina maana yake. Huwezi kulipeleka kwenye barabara ya mtaa yenye njia mbili na mtoto wa miaka saba. Huko ni gari ndilo linalotakiwa kuinama, siyo mtoto apande ghorofa.

Ila tusichanganye barabara. Mji ukikatwa katikati na barabara kuu, matatizo yake ni mengine kabisa. Morogoro, Agosti 2019, lori la mafuta lilipinduka karibu na Msamvu, watu wakakimbilia mafuta, likalipuka, wakafa zaidi ya 100. Kwa hiyo mkiwa na lori za mafuta zinazopita katikati ya makazi, agenda yenu ni barabara ya mchepuko na maegesho ya malori, na mwenye kujibu ni TANROADS na mkoa, tuta la shule ni suala jingine.

#18 MtendajiMstaafu

Vijana, hamjambo. Nimekuwa mtendaji wa kata katika halmashauri mbalimbali mpaka nilipostaafu, na nimeziona barua za matuta zinavyokufa. Nitasema zinafia wapi.

Inakufa ya kwanza kwa kuwa imeandikwa na mtu mmoja. "Mimi mkazi wa mtaa tajwa ninaomba..." Hiyo inagongwa muhuri wa kupokelewa na kuingia kwenye faili. Ipelekeni hoja kwenye mkutano wa mtaa kwanza, iandikwe kwenye muhtasari, mwenyekiti asaini. Kutoka hapo iende Kamati ya Maendeleo ya Kata. Pale diwani ndiye mwenyekiti, na akishaipitisha kwenye kikao chake mwenyewe hawezi kwenda kwenye baraza akasema hajui. Meneja wa TARURA wa wilaya mwiteni kwenye kikao hicho kwa barua. Wengi wanakuja wakiitwa vizuri, kwa sababu na wao wamechoka kutukanwa kwa kazi isiyokuwa yao.

Ya pili inakufa kwa kuchelewa. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1. Ukiandika Mei, bajeti imeshafungwa, utajibiwa kwamba ombi lako "litazingatiwa", na wanaosema hivyo hawadanganyi, hawana fungu tu. Mahitaji yanakusanywa mwishoni mwa mwaka wa kalenda. Andikeni Oktoba, mfuatilie Novemba.

Fedha zenyewe msizione ndogo wala kubwa kuliko zilivyo. Mfuko wa Barabara unatokana zaidi na tozo ya mafuta, na kwa miaka mingi mgawo ulikuwa asilimia 70 kwa TANROADS na 30 kwa barabara za halmashauri. Mwaka 2021 ikaongezwa shilingi 100 kwa lita kwa ajili ya barabara za vijijini na mijini. Lakini TARURA ina mtandao wa zaidi ya kilomita 144,000 na sehemu kubwa ni udongo na changarawe. Meneja anayechagua kati ya daraja lililokatika linalozuia kata nzima kufika hospitali na tuta lenu, mnajua atachagua nini. Ndiyo maana nasema ombeni kitu kidogo, mahsusi, kinachoingia kwenye matengenezo ya kawaida. Zebra, vibao, tuta moja, kuhamisha kituo. Msiandike "tunaomba barabara ya kisasa yenye taa".

Ikiwa barabara ni ya TANROADS, mlango ni Bodi ya Barabara ya Mkoa, ambayo mwenyekiti wake ni mkuu wa mkoa na wabunge wanaingia. Mpeni mbunge hiyo karatasi moja, ukurasa mmoja tu, kabla ya kikao. Wabunge hawasomi kurasa sita.

Na wewe kijana wa boda, chama chenu kina katibu? Aje kwenye kikao hicho. Kijiwe kinapangwa na halmashauri, na wanaopanga hawajawahi kukaa kijiweni.

#19 BodaWaStendi

Shikamoo mzee. Katibu yupo, nitamwambia. Tukialikwa kwa barua tutakuja, tukiitwa kwa kipaza sauti cha gari la matangazo tunakimbia maana tunajua ni operesheni.

#20 MtendajiMstaafu

Marahaba. Mtaandikiwa barua.

#21 ChaiRangi

Na wamachinga mnawaacha? Njia ya miguu hata ikijengwa, kesho yake imejaa mitumba. Mwaka 2021 waliondolewa nchi nzima, leo wako pale pale.

#22 MamaGenge

ChaiRangi, mimi niko barabarani kwa sababu mteja yuko barabarani, sitaki kujificha. Nipimie hatua mbili nyuma ya mtaro, nifunikieni mtaro kwa zege watu wapite juu yake, mimi nirudi nyuma. Mtaro ukifunikwa ndiyo njia ya miguu hiyo, mnatafuta ardhi ya nini?

#23 FundiLami

Mama ananinyang'anya kazi. Mtaro wenye mfuniko ni njia ya miguu ya bei nafuu kwenye mtaa mwembamba. Mifuniko iwe ya kunyanyuliwa na watu wawili, la sivyo hautazibuliwa kamwe na mvua itawahamia madukani.

#24 MkaziWaKona

Wakuu, asanteni. Nimekaa na mwenyekiti wa mtaa na mwalimu mkuu jioni hii. Tulichokubaliana:

Mwalimu mkuu anauliza darasa kwa darasa watoto wanatoka upande gani, kama alivyosema MwalimuZamu. Wakiwa wengi nyuma, geti linahama, hilo ni letu na hatumsubiri mtu. Daftari la mama wa genge la kwetu (nimemkuta na yeye anaandika, ila kwa kichwa tu, sasa kapewa kalamu) linapigwa picha. Hoja inaingia mkutano wa mtaa, kisha kata.

Rasimu ya barua kwa meneja ni hii, ikosoeni:

"YAH: OMBI LA KIVUKO NA KITUO SALAMA MBELE YA SHULE YA MSINGI. Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mkutano wa mtaa umejadili ajali za watoto katika barabara iliyo chini ya wakala wako, kama zilivyoorodheshwa kwenye kiambatisho. Tunaomba: kivuko cha zebra juu ya tuta bapa lenye upana wa mita 3.7 na kimo cha sentimita 10; vibao vya tahadhari pande zote mbili; kituo cha daladala kihamishwe kipite kivuko; na sehemu ya mtaro mbele ya shule ifunikwe. Tuko tayari kuchangia nguvu kazi. Nakala: Diwani, Mkurugenzi wa Manispaa, LATRA, Kikosi cha Usalama Barabarani."

Swali la mwisho: wakati tunasubiri, vijana wanataka kuweka mapipa yenye mchanga barabarani asubuhi. Inaruhusiwa?

#25 FusoLaUsiku

Mapipa hayo usiku nani anayatoa? Mtaniua mimi.

#26 MtendajiMstaafu

Msiweke kitu chochote barabarani bila mwenye barabara na polisi kukubali kwa maandishi. Mtu akijigonga na pipa, atakayeshtakiwa ni mwenyekiti wako wa mtaa. Wekeni watu wazima wawili wa zamu wenye vizibao vinavyong'aa wakivusha watoto kwa makundi, saa ya kuingia na saa ya kutoka, na mumtaarifu mkuu wa trafiki wa wilaya kwamba wapo.

#27 FundiLami

Barua nzuri ila ondoa vipimo. Nilivyovitaja ni vya tuta la mviringo, wewe umeviweka kwenye tuta bapa ambalo linatakiwa kuwa refu zaidi ili gari litulie juu na watoto wapate upana wa kuvukia. Injinia akiona umekosea hapo atapata sababu ya kuirudisha. Andika tatizo na mahali, mwambie aje apime saa 12 na nusu asubuhi siku ya shule. Usimwache aje saa 4, saa hiyo barabara imelala na ataandika kwamba hakuna watembea kwa miguu.

#28 MkaziWaKona

Nimetoa vipimo, nimeweka saa. Mkutano wa mtaa ni Jumapili baada ya ibada.

#29 BodaWaStendi

Ongeza na kijiwe kwenye barua ya mkurugenzi. Hatua 30, msisahau.